Blanketi la Kwanza Limalizwe

Ipo siku moja ya miaka ya vita ambayo hunirudia nzima kila nikisikia mashine ya kushona ikikimbia bila kupumzika. Jana imenirudia kwa sababu yako, mwanangu. Nilipita nyuma ya atelie yako ya kushonea hapa Butembo nikakusikia unakanyaga mashine kama mtu anayefukuzwa, na mwenzako kwenye ile mashine mpya naye vivyo hivyo. Mmepata kazi ya sare za shule nzima. Nimefurahi mpaka nikasahau mgongo wangu kwa dakika chache, na mgongo wangu hausahauliki kirahisi. Lakini kuna jambo nilitaka kukuuliza, nikaona aibu kuingia na kusimamisha kazi. Kaa basi, kunywa chai yako, nikwambie.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa, nina miguu myembamba na mdomo mwepesi. Vita ilikuwa upande wa Beni, na kila siku watu waliingia mjini kutoka Mabalako na vijiji vya kule, wengine kwa miguu, wengine juu ya magari ya mizigo. Wewe unajua kule kwao ni joto. Mtu anatoka shambani na kitenge kimoja begani, anafika huku kwetu milimani, na mvua ya Butembo inamkaribisha kwa namna yake. Waliwekwa katika madarasa ya shule, na darasa lililo karibu na maternité, wodi ya wazazi, walipewa akina mama wenye watoto wachanga.

Dada yangu mkubwa, Masika, aliyekuwa ameolewa upande wa Beni, alikuwa humo. Alijifungua njiani, kabla ya miezi kutimia, nyumbani kwa watu asiowajua. Mungu awabariki watu hao popote walipo. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, ngozi ya mikono imelegea kama soksi ya mtu mzima. Tulitaka kuwachukua nyumbani lakini muuguzi akakataa katakata. Alitaka mtoto awe karibu ili amtazame kila mara. Aliniambia, “Huyu dawa yake ni joto. Leo mvua itanyesha tena. Tafuta kitu cha kumufunika, na asikae bila kunyonya.”

Kitu cha kumfunika! Unaweza kufikiri mji kama Butembo, wenye maduka ya jumla kila kona, haukosi blanketi. Siku zile maduka yalikuwa yamefungwa na wenye mali wameficha mali. Na mablanketi ya nyumbani kwetu yaliondoka juma lililotangulia, mgongoni mwa askari waliopita kwenye mtaa wetu usiku na hawakubisha hodi. Nilikwenda kwa majirani, nao walikuwa wanalala chini ya makoti. Asubuhi ile nilishika miguu ya mtoto, ilikuwa baridi, na rangi yake sikuipenda. Niliogopa, mwanangu.

Ndipo akina mama wa parokia walipoamua kushona mablanketi ya viraka katika ukumbi wa parokia. Mafundi wa sokoni walitoa magunia ya vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza zao. Wengine walileta majora ya zamani yaliyoliwa na panya, na sweta kuukuu za kuweka katikati. Kwa ndani tungetumia mifuko ya pamba iliyokuwa ya unga, imefuliwa vizuri. Sisi Wakatoliki tulikuwa na mashine moja ya miguu. Ya pili waliileta akina mama Waprotestanti, ikafungwa kwa kamba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na Mama Pasta mwenyewe akitembea pembeni ameishika kama mgonjwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona makundi hayo mawili yakikaa ukumbi mmoja bila harusi wala msiba.

Aliyeongoza kazi alikuwa Mukaka Katungu. Mukaka, unajua, ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa mrefu, mkavu, ameshona tangu enzi za Wabelgiji, na sauti yake ilikuwa inatosha kusimamisha gari. Alitupanga kama jeshi. Wawili wanakata mikanda mirefu. Mikanda mitatu inashonwa pamoja kwa urefu, inapigwa pasi ya makaa, halafu inakatwa kwa kukingama, na kila mkato unakupa vipande vitatu ambavyo tayari vimeshikana. Mikato mitatu ukiiunganisha, umepata mraba wa viraka tisa. Mtu aliyeshona kiraka kimoja kimoja kwa mkono angekuwa bado anatafuta tundu la sindano.

Na kwenye mashine, hakuna kukata uzi. Ukimaliza kipande unakisukuma kingine nyuma yake, na kingine, na kingine, vinatoka upande wa pili vimeshikana kwa uzi kidogo kama samaki waliotungwa. Uzi haupotei, mguu hausimami. Mimi nilipewa makasi, nikae katikati ya mashine zote mbili, nitenganishe. Kila mashine ilikuwa na kikapu chake cha miraba. Kuhusu upana wa kile kinacholiwa na mshono, Mukaka alitoa amri moja tu: ukingo wa kitambaa ufuate ukingo wa mguu wa mashine, ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza nguo. Basi.

Kazi ilikwenda vizuri, lazima niseme. Vikapu vilijaa. Lakini mchana ulipofika hapakuwa na blanketi hata moja ukumbini. Palikuwa na miraba, miraba mizuri, na huwezi kumfunika mtoto kwa mraba. Nilitazama mlangoni nikaona mawingu yanashuka kutoka upande wa Lubero. Moyo ukanishinda. Nikaweka makasi chini nikaenda kwa Mukaka.

“Mukaka, miraba iko mingi sasa. Tumalize kwanza blanketi moya, ya mutoto wa Masika. Ingine itafata.”

Hakuinua hata kichwa. “Kavira, mule darasani batoto beko bengi, na kila mutoto iko na tantine yake, mama mudogo kama weye. Tukianza kumaliza moya-moya, magaribi itatukuta na mablanketi tatu na makelele. Rudia makasi yako, nyamaza.”

Alisema kwa ile sauti yake. Ukumbi wote ulisikia. Nilirudi mahali pangu, na machozi yakanianguka juu ya vitenge vya watu. Nilimchukia kidogo, sitakuficha. Nilijiambia kwamba yeye hana mtu mule ndani, ndiyo maana anaweza kungoja.

Baadaye ndipo akaamuru tuunganishe. Tulipanga mraba mmoja kutoka kikapu hiki, mmoja kutoka kikapu kile, ili rangi zichanganyike. Tukashona safu ya kwanza, safu ya pili, tukaziweka pamoja sakafuni. Hazikulingana. Tukazinyoosha kwa mikono, tukavuta, tukazipiga pasi, wapi! Mraba wa kikapu kimoja ulikuwa mpana kuliko wa kikapu cha pili, hivyo kila safu ilikuwa na meno meno, pembe hazikutani, na katikati kitambaa kikajaa mikunjo. Tukajaribu mingine. Ile ile. Kazi yote ya siku ilikuwa na kosa moja, lililorudiwa mara nyingi sawa na hesabu ya miraba yenyewe.

Makelele aliyoyaogopa Mukaka yakaanza.

“Sasa ni mashine yetu njo iko na makosa?” Mama Pasta alisimama, mikono kiunoni. “Siye tulishona sawa vile mulisema, kufata muguu!”

“Na siye je? Tulifata muguu!” wa kwetu wakajibu, na mmoja akaanza kusema mambo ya dini ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na kushona.

Tone la kwanza la mvua lilikuwa limekwisha gonga bati. Nilikuwa nahesabu moyoni ni nyumba gani ambayo sijapita kuomba blanketi.

Mukaka Katungu aliinama kwenye mashine yetu, akafungua skrubu, akatoa ule mguu wa chuma. Akaenda kwenye mashine ya pili, akautoa na wa kule. Akaiweka yote miwili juu ya kiganja, akatuonyesha. Mmoja ulikuwa mpana, mwingine mwembamba. Tofauti ndogo tu, kama punje ya mchele ikilala ubavu. Lakini mraba mmoja una mishono mingi, na kila mshono ulikuwa umekula chakula tofauti.

“Bote mulifata muguu,” alisema. “Miguu njo haiko sawa. Na miye sikuangalia.”

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mtu wa umri wake akilifanya. Aligeuka kunitafuta, akaja mpaka nilipokaa, mbele ya Wakatoliki na Waprotestanti wote, akasema kwa sauti ile ile aliyonifokea nayo mchana:

“Kavira, uliomba tumalize moya kwanza. Kama nilikusikia, tungeona hii makosa saa ile, na kazi iko ingali kidogo. Nilikufokea bure. Nilikosa, mwana. Unisamehe.”

Kusema kweli mimi sikuwa nimeona kosa lolote. Nilikuwa namtaka mtoto wa dada yangu apate joto, basi. Nikasema, “Wasingya, Mukaka,” yaani asante, jambo ambalo halikuwa jibu, na watu wakacheka, hata Mama Pasta. Kicheko kile kilitufungua vifua sote.

Zile safu chache tulizifumua, lakini ndani ya miraba hatukufumua hata mshono mmoja. Mukaka alichukua mraba mdogo kuliko yote, akauweka juu ya karatoni ngumu ya sanduku, akazungushia chaki, akaikata karatoni ile ikawa kipimo. Kila mraba ukawekwa chini ya kipimo, kilichozidi kikaondolewa. Viraka vya pembeni vikawa vyembamba kidogo kuliko vya katikati, na kama hukuambiwa, ungedhani ndivyo tulivyokusudia. Watu watano wakakata kwa pamoja. Kisha akainua kidole: “Tunamaliza moya tu kwanza, mupaka mwisho. Tuone.”

Tukashona safu zote kwa mashine moja, tukalaza mishono ya safu moja kulia na ya safu ya pili kushoto ili ishikane vizuri kwenye pembe. Safu zikakutana. Nakumbuka nilipitisha kidole kwenye zile pembe moja moja, zote zimekutana. Tukaweka sweta kuukuu katikati, mfuko wa unga kwa ndani, tukafunga kwa mafundo ya uzi mnene badala ya kushona tena juu yake. Mukaka akalikung’uta, akalitazama mbele na nyuma, akanitupia begani. “Kimbia,” akasema. “Siye tunafata.”

Nilikimbia chini ya mvua nimelifunga blanketi ndani ya nailoni, miguu mitupu, matope mpaka magotini. Masika alikuwa amekaa ukutani, mtoto amemweka kifuani, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Tuliwafunika wote wawili. Nikakaa pale nimeshika miguu ya yule mtoto ndani ya blanketi, nangoja, hata kusali nilisahau. Polepole ikaanza kupata joto. Muuguzi alikuja, akaigusa na yeye, akaitikia kwa kichwa tu akaenda kwa mwingine. Masika akataka kuniambia kitu. Alianza, “Kavira, uambie bale bamama...” na hapo hapo akalala, mdomo wazi. Nikalia tena, safari hii kwa furaha, sikujali nani ananitazama.

Mengine yalifuata moja baada ya jingine, haraka kuliko nilivyotegemea, kwa sababu sasa kosa lilikuwa limekwisha na ule mtiririko ukaendelea. Kabla ya giza kila mama katika lile darasa alikuwa na lake. Na yule mtoto, kabla hujaniuliza, ni mzima. Anauza vitambaa Beni, ana watoto wake, na mdomo wake ni mrefu kunishinda.

Sasa nisikie, mwanangu. Sikuzuii kushona kwa mfululizo. Shona mikanda, sukuma kipande nyuma ya kipande, usikate uzi, ndivyo kazi kubwa inavyokwisha. Mukaka alikuwa sahihi kwa hilo, na mimi kama ningeachiwa kazi ile tungekuwa na blanketi moja na watoto wengi wanaotetemeka. Lakini kabla ya kukimbia, maliza moja. Sare moja, kola, mikono, vifungo, mpaka pasi. Mvalishe mtoto mmoja, mwambie ainue mikono. Tena chukua vipande kutoka mashine zote mbili, usichukue kutoka yako peke yake kwa sababu unaiamini. Hilo ndilo nilitaka kukuuliza jana: je, mliwahi kuilinganisha miguu ya mashine zenu? Naona unavyoacha kunywa chai. Nenda kesho asubuhi, mtoe, mtazame.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo limenikalia zaidi. Yule msichana anayejifunza kushona kwako akija kukuambia kitu, hata kama anakuambia kwa sababu zake mwenyewe, hata akilia, weka kazi chini umsikilize mpaka amalize. Ukimfokea bure, mwendee umwambie umekosa, mbele ya wale wale waliokusikia ukifoka. Mimi nilimwona bibi wa miaka sabini akifanya hivyo, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Tangu siku ile ningemfuata popote. Na mimi nikikufokea bure, kwa maana nazeeka na mgongo unaniharibia tabia, rudi uniambie. Nitakuomba msamaha. Nimejifunza kwa mtu aliyejua.

Haya, chai imepoa. Mungu wa wazazi wetu abariki mikono yako na macho yako, uzi wako usikwame, watoto watakaovaa kazi yako wakue mpaka sare ziwabane. Na mvua ikinyesha usiku, ikukute wewe na wako mmefunikwa.