Mifupa ya Baba

Namsugua mjukuu wangu mguu uliovimba kwa mafuta ya karafuu, na harufu yake inaniamshia maumivu ya mfupa wa muundi wangu mwenyewe.

Baba alinikabidhi kwa mwalimu wa mbio kwa maneno yale yale aliyoyasema aliponipeleka chuo cha Kurani: "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Yaani anichape atakavyo, mradi asinivunje. Tangu hapo sisi wanafunzi wake tulikimbia kila alfajiri kutoka mtaani kwetu Shika Adabu hadi kwenye feri na kurudi, mwalimu nyuma yetu kwa baiskeli, bakora mkononi.

Siku moja muundi ulinivimba hata kukanyaga ikawa taabu.

"Kimbia," mwalimu akasema. Nikakimbia.

Jioni baba aliniona nikichechemea. "Amekupiga wapi?"

"Hakunipiga, baba. Ni mfupa. Huu ni wako."

Baba akachukua mafuta ya karafuu. Alinisugua taratibu mpaka mafuta yakamkaukia mkononi. Kulipopambazuka akanishika mkono, akanirudisha kwa mwalimu.

Sasa filimbi inalia huko nje.

"Babu, niachie, mwalimu ananingoja," asema mjukuu wangu.

Mafuta yamekwisha kukauka, nami bado nimemshika muundi.