Mdundo Niliomfundisha Imani

Kuna jambo nililofanya ambalo mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ya Mzee Wafula nainamisha kichwa na kujifanya natafuta kitu kwenye simu, na nikilisimulia si kwamba aibu imeisha, ni kwamba mtaa wetu wote hapa Nakuru unalijua tayari na afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Binti yangu Imani, wa gredi ya tatu, alivunjika mguu akiruka mtaro nyuma ya nyumba, akafungwa plasta kutoka goti hadi vidole, na mwalimu wake akasema asihangaike kuja shule, atakuwa anatumiwa kazi kwa simu. Mke wangu huuza mitumba sokoni, mimi nafanya shifti ya usiku kiwandani, kwa hivyo mchana mwalimu nilikuwa mimi (mwalimu wa kusinzia, lakini mwalimu). Hesabu tulizisukuma tu. Muziki ndio tulioupenda. Jumatatu tulipiga makofi, mimi napiga naye ananijibu. Jumanne tulipanga glasi sita mezani, kila moja na maji yake, nyingine tele nyingine kidogo, tukazigonga kwa kijiko hadi tukapata wimbo wa kanisani uliopungukiwa sauti mbili tatu. Jumatano tukatia mahindi na dengu kwenye chupa za soda tukaita kayamba, na hata mama yangu, aliyekuwa amelala chumba cha ndani, akatingisha yake polepole juu ya blanketi.

Mama nilikuwa nimemtoa kijijini kwetu, huko magharibi, aje apimwe tumbo. Majibu yalikuwa yametoka wiki tatu kabla ya hapo. Daktari alinivuta kando akaniambia ugonjwa umeshaenea, hakuna cha kukata wala cha kutibu, nimrudishe nyumbani akae na watu wake. Nikatoka pale nikamwambia mama ni vidonda vya tumbo. Nilijiambia nitamweleza ukweli Jumapili, na Jumapili tatu zikapita nikimletea uji na kumuuliza kama umepoa.

Sasa Alhamisi mwalimu akatuma homwaki, kazi ya kufanyia nyumbani: mtoto atengeneze ngoma kwa vifaa vya nyumbani, mtu mzima amfundishe mdundo wa kwao, arekodiwe, video itumwe kwenye grup ya wazazi kabla ya saa nane mchana. Nikachukua mtungi wa plastiki wa lita ishirini nikaupindua, nikafunga mwiko kitambaa. Mdundo wa kwetu ninaoujua mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu, na hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia, kwa sababu nilijua vizuri ni wa nini. Babu aliupiga mtu mzima akifa kijijini: tatu nzito, kimya, mbili nyepesi, kimya kirefu, halafu unarudi mwanzo. Ukiusikia shambani unaweka jembe chini. Midundo mingine, ya harusi na ya mavuno, niliisikia nikiwa bize kula. Nikajiambia hapa ni mjini, nani atajua, na mama saa hizi amelala.

(Nilisahau kwamba nyumba zetu ni zile za zamani za watu wa reli, na nusu ya wazee humu walitoka kule kule kwetu.)

Imani aliushika mara moja, maana mtoto huyo ana mkono mzito. Mwanga ndani ulikuwa mbaya tukahamia uani, mara ya kwanza akacheka, ya pili kuku akapita mbele ya simu, ya tatu mimi nikakohoa, na kufikia ya tano alikuwa ametulia hata nikasikia nywele zikinisimama. Nikatuma. Nikainua macho, nikamwona Mzee Wafula langoni, kofia mkononi.

Mzee huyu alistaafu reli kitambo na kwa kawaida salamu yake ni kukohoa tu, lakini siku hiyo alinijia moja kwa moja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, kijana yangu. Nimesikia," akasema. "Ameenda saa ngapi?"

Nami nikajibu, "Asante, mzee."

Hiyo asante ndiyo iliyonimaliza. Ningesema tu ni homwaki ya mtoto, angenigombeza yakaisha. Lakini mtu mzima akikupa pole mdomo hujibu wenyewe, na nikiwa bado natafuta maneno ya kurekebisha, Mama Brayo wa nyumba ya tatu akaingia na leso kiunoni, analia kwa sauti, na nyuma yake wamama wawili wa kanisa, mmoja ananiuliza sufuria kubwa iko wapi. Mtu akampigia mke wangu sokoni. Viti vya plastiki vya kanisa vikafika kwa mkokoteni (nani aliviagiza, sijui hata leo). Kila aliyeingia alinishika mkono, na kila mkono ulifanya ukweli uwe mgumu zaidi kuusema.

"Baba," Imani akaniuliza, mguu wake wa plasta ameunyoosha juu ya stuli, "hawa wote wamekuja kusikiza homwaki yangu?"

Simu ikalia mkononi. Mwalimu alikuwa amejibu kwenye grup: kazi nzuri, Imani, mdundo umetulia.

Nikasimama niseme. Nawaapia nilikuwa nimeshasimama. Ndipo pazia la mlango likasogea na mama akatoka, ameshika ukuta, amevaa sweta yangu. Mama Brayo alikata kilio katikati. Mzee Wafula alivaa kofia, akaivua tena.

Mama akatuangalia mmoja mmoja. "Ni nani amekufa?"

Macho yote yakanigeukia mimi.

"Ni homwaki ya Imani, mama," nikasema. "Ni mimi nilimfundisha hiyo ngoma."

Nilingoja anigombeze mbele ya watu, na nilistahili. Badala yake alikaa kwenye kimojawapo cha viti vilivyoletwa kwa ajili ya msiba wake, akaniita karibu. Aliongea kwa sauti ndogo, lakini kila mtu pale uani alisikia.

"Wekesa, sikuwa nimelala. Hiyo ngoma ilivyoanza nikajua daktari alikuambia kitu. Nikasema sawa, watoto wameanza kujizoesha. Sasa niambie. Alisema nini?"

Nikamwambia, pale pale, mbele ya majirani na viti na sufuria, nikilia. Aibu ya ngoma ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ile ya kumficha.

"Wiki tatu," akasema. "Hizo siku zilikuwa zangu, si zako. Saa hii ningekuwa nimeshaona shamba langu."

Kisha akamwita Imani ausogeze mtungi, akachukua mwiko, akaanza kupiga mdundo wa mavuno, na wamama waliokuja kuomboleza wakajikuta wanapiga makofi bila kuangaliana. Mke wangu alifika mbio, akamkuta mama mkwe ndiye mpiga ngoma, akakaa chini pale langoni. Chai ya msiba tuliinywa. Ilikuwa nyingi.

"Na ile nyingine umemfundisha vibaya," mama akaniambia akirudisha mwiko. "Baada ya zile mbili nyepesi kuna moja ndogo. Siku yangu isisahauliwe."

Jumamosi nikampeleka nyumbani. Nilijiapia kwamba sitamficha tena mtu habari inayomhusu mwenyewe, na kwamba homwaki ya muziki nitauliza kwanza kabla ya kufundisha. Mama alikaa miezi minne na mahindi yake aliyaona yakivunwa. Asubuhi aliyotutoka, mjomba alipiga ngoma ya kweli, na Imani alikuwa amesimama kando yangu kwa miguu yake miwili. Akanivuta shati.

"Baba, umesikia hiyo moja ndogo?"

Nikamwambia nimeisikia.