Kinga ya Mama na Filimbi ya Asubuhi

Kwetu Shinyanga mtoto anajua baiskeli kabla hajajua vizuri kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nilipovuka mipaka nikafika Bunia nilijiona nimekuja na digrii yangu. Ilikuwa miezi ya vakansi, shule zimefungwa. Nilikuja kumsaidia mtu wa kwetu anayeuza vitenge mtaa wa Nyakasanza. Kusema kweli, vitenge vilikuwa kisingizio. Nilikuwa nimeota, tena mchana macho wazi, kwamba nitaendesha baiskeli hadi mji mdogo wa Fataki, niketi kilimani karibu na ng'ombe, ninywe maziwa, nirudi.

Badala yake nikawa sielewi kitu. Simu yangu iligoma kubadili saa, nikawa naamka kabla ya mji wote. Jumamosi asubuhi nilikuta maduka yamefungwa na watu wanafyeka majani na kuzibua mitaro. Nikauliza nani amefariki. Wakacheka: ni salongo, kazi ya usafi ya kila mtu. Na lugha je! Mimi niliyeamini Kiswahili ni changu, nikifungua kinywa watu wanaitana: "Kuya usikie, huyu anasema sawa Biblia!"

Nilipanga chumba Bigo, katika ua wa mama mmoja wa rika la mama yangu mzazi. Ndugu zake ni wafugaji wa siku nyingi, na kila asubuhi alibeba kichwani bidoni la maziwa kuwapelekea wateja wake Nyakasanza. Sebuleni, nyuma ya mlango, ilisimama baiskeli, kinga kama wanavyoiita huku, imefunikwa kitenge. Ilikuwa ya mwanawe. Wakati wa vita alikwenda nayo Fataki kununua maharagwe. Kinga ilirudi, jirani akiisukuma. Yeye hakurudi. Mama alinieleza hivyo, kwa maneno hayo machache, akaendelea kuchambua sombe, yaani kisamvu.

Siku moja nilimwona anajikanda shingo. Nikamwambia, mama, nipe kinga, nitapeleka maziwa mimi. Akaendelea kujikanda. Kesho yake nikaikuta uani, imepanguswa, matairi yamejaa upepo.

"Mutoto yangu, maziwa ikimwangika, haina neno. Ila kinga irudi."

"Itarudi, mama."

"Weye unaahidi mbio sana."

Nikaondoka naimba. Nilipokaribia kituo cha polisi, filimbi ikalia, na barabara nzima ikasimama. Wa pikipiki akazima akashuka. Muuza mikate akatua beseni. Mzee mmoja akabaki mguu mmoja ndani ya mtaro, kofia kifuani. Kimya, na njia nyeupe mbele yangu. Jamani, mimi nilifikiri nini? Nilifikiri wameitambua kinga ya mama. Wameona ametoka tena mtu wa kumsaidia, wananipisha. Moyo ukanijaa. Nikapiga kengele, nikapunga mkono.

"Asanteni! Asanteni sana!"

Hakuna aliyeitikia. Nikadhani ni heshima. Kisha mkono ukadaka keria nyuma yangu, nusura nianguke na maziwa yangu.

"Shuka! Haukuona drapo inapanda?"

Nikageuka. Bendera ndiyo kwanza ilikuwa imefika juu ya mlingoti.

"Sikuiona, afande. Niliona watu."

"Uliona batu yote wanasimama sawa miti, ukafikiri nini?"

"Nilifikiri wananipisha."

Yule polisi, kijana tu kama mimi, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wanakupisha weye? Weye iko gavana?"

Watu walikuwa wameanza tena kutembea, na sasa kicheko kikapasuka. "Gavana ya maziwa!" akapiga kelele muuza mikate. "Mumupishe, bana, anapita!"

Polisi hakucheka. Alisema kinga inabaki kituoni. Jioni, bendera ikishuka, nije nisimame mbele ya watu waone kama nimejifunza. Nikamsihi anizuie mimi, aiachie kinga.

"Mutu hatuna fasi ya kumuweka. Kinga iko na fasi."

Nikapeleka maziwa kichwani, nusu yakanimwagikia shingoni. Kurudi Bigo nilijipangia maneno njia nzima, na nilipomkuta mama anafua, yote yakanipotea. Nikamwambia tu. Akafuta mikono.

"Iko wapi?"

Ya maziwa hakuuliza. Alikaa mchana kutwa akiitazama ile nafasi tupu nyuma ya mlango, kitenge kimekunjwa mapajani. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

Jioni tulikwenda wote wawili. Filimbi ilipolia nilikauka hata nzi akanitembelea mdomoni, nikamwacha amalize safari yake. Mama alisimama kando yangu. Bendera ikashuka, ikakunjwa. Polisi akaileta kinga akiisukuma.

"Mama, huyu iko mutoto yako?"

Nikangoja aseme hapana, ni mpangaji, tena mgeni.

"Iko mutoto yangu."

"Basi umufundishe."

"Ule mwingine pia, kabla ya vita, mulimukamata hapa hapa," mama akasema. "Na kinga hii hii. Alikuwa anapiga kengele."

Yule kijana akanishikisha usukani, akageukia mlingoti kana kwamba kuna kitu amesahau kule juu.

Njiani mama alianza kutikisika mabega. Akasimama, akajifuta macho kwa kile kitenge, akaendelea, akasimama tena.

"Mama, unacheka au unalia?"

"Sukuma kinga, gavana."

Tulipofika nilitaka kuiingiza nyuma ya mlango. Akanizuia, akaiegemeza mwenyewe nje, kwenye ukuta wa chumba changu. Nikangoja aifunike. Kitenge akajitupia mabegani, maana baridi ilikuwa imeanza.

"Acha hapo," akasema. "Kesho maziwa iko mingi."