Tatu Nukta Tisini na Tano

Nilikuja Gisenyi na Mama kutoka Mwanza. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa nafika. Tofauti hiyo niliielewa sokoni Mahoko, siku niliyomwambia muuzaji, "Tafadhali, naomba unipimie viazi." Aliwageukia wenzake akapaza sauti, "TZ iko hapa!" Bei ikapanda kabla sijaiuliza.

Nikaamua kujificha. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa muuzaji mwingine nikasema, "Mi nataka viazi muzuri," kwa sauti ya kukwaruza niliyoamini kuwa ndiyo ya watu wa huku. Wanawake wa mstari mzima walicheka mpaka mmoja akaniongezea viazi viwili bure, kwa huruma. Nilivipokea. Nilikuwa na njaa kuliko aibu.

Sasa mtu huyo huyo, asiyeweza kuficha anakotoka kwa sentensi moja, ndiye aliyejiona bingwa wa kutambua kompyuta.

Nilikuwa nimepata kazi ya majaribio katika ofisi iliyonunua viazi vya wakulima wa Kanama na Cyanzarwe na kuvipeleka Kigali. Nilitakiwa kutengeneza programu ya kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Mkurugenzi, ambaye alikaa Kigali, angekuja na kompyuta mpya aliyoichagua mwenyewe. Programu ikifanya kazi mbele yake, naajiriwa. Isipofanya, narudi Mwanza, ambako kulikuwa na duka lililokuwa tayari kunipa meza ya kutengeneza printa.

Mama alishasema hafungi tena mizigo. "Mimi nimefika," aliniambia. "Wewe ukienda, nenda salama." Lakini mapazia aliyoyashona Mwanza bado yalikuwa ndani ya sanduku, yamekunjwa, na madirisha yetu yalikuwa yamezibwa kwa khanga. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua anasubiri ajira yangu, na jambo hilo liliniogopesha kuliko mkurugenzi.

Programu yenyewe ilimalizika vizuri. Ilijumlisha, ilitoa, haikukosea gunia. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi, siku moja kabla ya mkurugenzi kufika, nikaongeza pambo.

Pambo lilikuwa hivi. Programu ikifunguliwa, kabla ya kugusa viazi, inaiuliza Windows: wewe ni nambari ngapi? Kompyuta kuukuu ya ofisini ilikuwa inajibu tatu nukta kumi. Nilikuwa nimesoma katika gazeti la kompyuta kutoka Nairobi kwamba ile mpya, Windows 95, kwa hesabu za ndani ni nambari nne. Basi nikaandika: ikijibu nne au zaidi, isalimiwe kwa heshima, pamoja na jina langu kwa herufi kubwa. Ikijibu pungufu ya nne, ikaripiwe na programu ijifunge.

Karipio nililiandika kwa Kiswahili sanifu. Kifaransa changu kilikuwa bonjour na merci, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha mtu aliyekisikia jikoni. Kwa hiyo nilijiambia kwamba Kiswahili kinaunganisha watu, nikafungua kamusi, nikatoa hili: "Tarakilishi hii imepitwa na wakati. Umshauri mkubwa wako anunue nyingine." Neno tarakilishi sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Nililiona likiwa refu na lenye hadhi, nikaliweka.

Nilijaribu kwenye kompyuta kuukuu. Ikakaripiwa vizuri sana. Nilicheka peke yangu ofisini kwa furaha, nikaenda nyumbani kulala kama mfalme.

Mkurugenzi alifika kesho yake na vumbi la barabara ya Ruhengeri mabegani. Kompyuta ilipotolewa kwenye maboksi, chumba kizima kilinuka plastiki mpya, naye akaipangusa kioo kwa leso yake mwenyewe. Alikuwa amekulia Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: kilitosha "lete", "haraka" na maneno mafupi ya kusema, si ya kusoma. Aliketi mbele kabisa. Nikaingiza disketi yangu kwa mbwembwe, kama mtu anayekata utepe.

Kioo kikaandika kwamba tarakilishi hii imepitwa na wakati, na mkubwa wako ashauriwe anunue nyingine. Kisha programu ikajifunga. Nikaifungua tena. Ikarudia tusi lile lile, nikaliacha limesimama pale, sijalibofya lijifunge.

"Inasema nini?" aliuliza mkurugenzi.

Masikio yalikuwa yanawaka. Nilichokiona ni sanduku la Mama, na mimi kwenye basi.

Aliyesogea alikuwa sekretere wetu, mama mwenye umri wa kunizaa, mzaliwa wa Goma, ambaye nusu ya ukoo wake bado ilikuwa upande ule wa mpaka. Alivaa miwani, akainama, akakitazama kioo. Akanitazama mimi. Akakitazama kioo tena.

"Bon, Directeur," alisema, "inasema hii machine iko mupya sana. Donc inaomba muda kidogo, izoee."

Mkurugenzi alitabasamu. Kwamba kompyuta yake ni mpya, hilo lilimwingia vizuri. "OK," alisema, akakunja nne. "Tungoje."

Na kweli akaanza kungoja. Alikikodolea macho kioo kwa subira, akisubiri programu ambayo isingefunguka mpaka kiama. Sekretere akaliona hilo pia. "Directeur, tukunywe chai kwanza," alisema. "Hii machine inasikia haya, ukiiangalia haifanye kitu." Akamtoa nje barazani, na alipopita karibu yangu akanong'ona, "Petit, fanya mbio."

Nilikimbilia kompyuta kuukuu. Nilifuta swali, nikafuta karipio, nikafuta na ile salamu ya heshima yenye jina langu, kitu pekee nilichokipenda katika programu nzima. Sasa haikuuliza kompyuta ni nani wala imetoka wapi. Ilifungua viazi moja kwa moja, ikishindwa, ishindwe. Nikairudisha kwenye disketi, nikaenda kwenye kompyuta mpya, nikabofya.

Magunia yakatokea.

Mkurugenzi alirudi na andazi mkononi, akaangalia, akajaribu mwenyewe kuingiza magunia ya Cyanzarwe. Yakajumlishwa. "Hii ina adabu," alisema. "Imeomba muda, imefanya." Akaniambia Jumatatu nije nisaini mkataba. Mama alitundika mapazia jioni ile ile, hata sijamaliza kumsimulia.

Baadaye toleo jingine la lile gazeti lilinieleza kilichonipata. Programu nyingi za zamani zilikuwa zinauliza vibaya: zinaangalia kama nambari ya kwanza ni tatu au zaidi, kisha zinaangalia ya pili peke yake kama ni kumi au zaidi. Ukiziambia nne nukta sifuri, zinaona sifuri, zinasema wewe mdogo, zinagoma. Basi Windows 95, ikiulizwa na programu ya mtindo wa zamani, inajibu kwamba ni tatu nukta tisini na tano, ili mwulizaji asishtuke. Ikiulizwa na programu ya mtindo mpya, inajibu nne. Na programu yangu, pamoja na maringo yake yote, ilikuwa ya mtindo wa zamani, ikajibiwa tatu. Iliyopitwa na wakati ilikuwa yangu.

Nilimsimulia sekretere hayo wakati wa chai, nikitegemea ashangae.

"Sasa shida iko wapi?" aliuliza. "Mi kwa barrière ya mupaka najibu Kinyarwanda. Kwa mama mukwe najibu Kiswahili, kwa bureau hapa Kifaransa. Kila mutu namupa yenye atasikia."

Nilimwambia kwamba siku ile, alipobadilisha maneno ya kioo, alikuwa ameniokoa mimi na mama yangu, na kwamba sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

"Kubadilisha maneno gani?" alisema. "Mi nilisoma shule ya Kifaransa. Kiswahili yako ya kitabu sikusikia. Niliona 'mukubwa', niliona 'anunue', nikasema hapa iko mubaya. Ingine yote nilisoma kwa uso yako." Akachovya andazi kwenye chai. "Ile tarakilishi, nilifikiri iko jina ya ugonjwa. Kweli kweli, ilikuwa inasema nini?"

Miaka yangu yote nilikuwa mtu wa kutoa jibu moja kwa kila anayeuliza, liwe la sokoni au la ofisini.

"Ilikuwa inasema 'karibu'," nikamjibu.

Akavaa miwani, akanitazama usoni, akacheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini.