Sponji ya Kochi Haizuii Ngumi

Kwa nini mtu anaponunua glavu za ngumi huuliza kama zitamlinda mkono wake, lakini haulizi zitaufanya nini uso wa mwenzake? Swali hili nimelibeba tangu ujana wangu hadi sasa mvi zinapoanza kunichungulia kwenye ndevu. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimekaa na watu wenye akili kunizidi, na jibu sijalipata. Ninachokijua ni habari ya Jumamosi moja ya Keko. Nitakusimulia, mwanangu, ingawa sehemu kubwa ya habari hiyo inaniaibisha.

Nakumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri kwenda chuo. Asubuhi nilijifunza kushona makochi kwa Fundi Chilumba, Mmakonde aliyekuwa na karakana yake kando ya barabara. Jioni nilifanya mazoezi ya ngumi katika klabu iliyokuwa nyuma ya majumba ya mbao. Klabu yenyewe ilikuwa sakafu ya saruji, begi moja la kupiga, kamba nne za kuzungushia ulingo, na kocha aliyeitwa Sefu. Rafiki yangu Rajabu ndiye aliyenipeleka pale. Rajabu alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Hata akiwa amebanwa kwenye kona alikuwa na neno la kukuchekesha ili ushushe mikono.

Klabu ilikuwa na jozi mbili za glavu za sparingi. Sparingi, kama hujaijua, ni pambano la mazoezi: mnapigana kweli, lakini lengo ni kujifunza, na kila mmoja arudi kwao kama alivyokuja. Ndiyo maana glavu zake ni kubwa na nzito, za aunsi kumi na sita, wakati zile za siku ya pambano huwa za aunsi nane au kumi. Zetu zilikuwa zimechoka. Ngozi ilipasuka kwenye vifundo, na kilichokuwa ndani kilitoka vipande vipande, kinanuka jasho la watu wengi.

Kocha Sefu akanitazama. “We si fundi wa makochi? Tushonee basi.”

Nikazichukua kwa furaha. Nikayatoa yale matumbo ya zamani na kuyatupa bila hata kuyachunguza, nikachukua mabaki ya sponji ya viti kule karakanani, nikashindilia, nikashona kwa shazia, ile sindano nene ya mafundi, na uzi wa makochi. Zilitoka zimevimba, zimenona, zinang'aa mafuta niliyozipaka. Klabu nzima ilizipitisha mkono kwa mkono. Kila mtu alibonyeza kwa kidole gumba na kuguna kwa kuridhika.

“Oya msomi,” Rajabu akasema, “hizi mtu akipigwa si atasinzia? Ungeweka na foronya kabisa.”

Tulicheka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani alikuwa na muda wa wahenga? Nami, mwanangu, nilikuwa na alama nzuri ya fizikia. Nilijua kanuni za mgandamizo kiasi cha kuziandika kwenye mtihani, na sikujua kuzisoma kwenye mikono yangu mwenyewe. Elimu ya namna hiyo ni kama taa iliyowashwa ndani ya kabati.

Jumamosi ikafika. Rajabu alikuwa na pambano baada ya wiki mbili, na mimi, niliyemzidi kilo kadhaa, nilipewa kazi ya kumchangamsha. Raundi ya kwanza tulichezeana. Ya pili alinigonga mdomo, watu wakapiga kelele, nikapandwa na ghadhabu. Nikatupa mkono wa kulia kwa nguvu zote, ukamfikia kwenye jicho la kushoto.

Niseme ukweli ambao kwa miaka mingi sikuusema. Nilihisi mfupa wake. Ndani ya glavu ile iliyonona nilihisi mfupa wa uso wa rafiki yangu kana kwamba nilikuwa mikono mitupu. Nikajua papo hapo kuwa kazi yangu ya shazia ilikuwa na kasoro. Na bado nikaongeza ngumi mbili, kwa sababu watu walikuwa wakishangilia.

Rajabu alikaa chini. “Aisee,” akasema, akipepesa jicho, “naona vimulimuli mchana kweupe.”

Kocha Sefu akammwagia maji kichwani. “Dawa ya ngumi ni kuizoea. Nyie wa siku hizi mnataka mpigwe na mito?” Kisha akatugeukia sote. “Mama yake akiuliza, ameteleza bafuni. Sitaki waje wanawake kunipigia kelele hapa.”

Hakuna aliyepinga. Watu kumi na zaidi, wenye misuli ya kutisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulimi. Ukimya ule tuliuita uvumilivu. Hadi leo nikilisikia neno hilo likitamkwa na mtu ambaye uso wake mwenyewe u salama, damu yangu huchemka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na hodari wa kuusifu mkuki ni yule asiyechomwa.

Jumapili ikapita. Jumatatu mchana Rajabu alinifuata karakanani, akaniambia kuna kivuli kwenye kona ya jicho lake. “Kama mtu anashusha pazia la saluni,” alisema, akacheka peke yake. Kocha alikwishamwambia kuwa Jumatano anarudi ulingoni, kwa glavu zilezile. Alikuwa ameniletea mojawapo, mshono wa gumba umeachia, ili niurudie. Akaniachia, akaondoka.

Fundi Chilumba aliiona glavu mezani kwangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mchana kutwa ungemsikia akiongea na mbao tu. Akaibonyeza, akakunja uso.

“Nani kaijaza hii?”

“Mimi, fundi.”

Akachukua kisu cha kukatia ngozi, akaipasua kuanzia vifundoni hadi kiganjani. Akaitoa sponji yangu, akailaza mezani, akaipiga ngumi moja. Meza ikalia, misumari iliyokuwa juu yake ikaruka.

“Umesikia?”

“Nimesikia, fundi.”

“Umesikia nini?”

“Meza.”

“Basi ndivyo ulivyolia uso wa mwenzio.” Akaishika ile sponji kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. “Hii ni ya makalio, msomi. Mtu anakalia polepole, inampokea. Ngumi haikai. Ngumi inapita.”

Akavua kandambili yake ya mguu wa kulia, akaiweka palepale mezani, akaipiga vilevile. Ukasikika mguno mzito, na meza ikanyamaza. “Kilaini kinakubali mara moja, halafu kimekwisha. Hiki kinakataa kidogo kidogo. Yale uliyoyatupa yalikuwa ya namna hii, yamepangwa kwa tabaka na mtu aliyejua anachofanya. We ukaona yananuka.” Akaivaa kandambili yake. “Aliyepigwa yuko wapi?”

Nikamweleza: vimulimuli, kivuli, Jumatano.

“Mama yake kaambiwaje?”

“Kwamba aliteleza bafuni.”

“Bafuni!” Alitema chini. Sikuwahi kumwona akitema, kabla wala baada ya siku ile. “Nyie watu hamna haya. Mmemwumiza mtoto wa mwanamke, kisha mmemwachia mama huyo uongo ndio amwuguzie nao. Nenda kaseme. Na usirudi hapa kushika shazia yangu kabla hujasema.”

Nikatoka nikiwa nimeazimia. Lakini kusema kweli, mwanangu, azma yangu ilikuwa na miguu myembamba. Nilifika hadi uchochoro wa nyumba yao jioni ile, nikamsikia Mama Rajabu akicheka na majirani kibarazani, nikageuka. Nikajiambia nitakwenda asubuhi. Saa zile nilizojipa ili nikusanye ujasiri zilikuwa za jicho la Rajabu. Sikuwa na haki ya kuzitumia.

Daktari alitueleza baadaye kuwa ngozi nyembamba iliyo nyuma ya mboni, ile inayopokea mwanga, ilikuwa imechanika na kuanza kubanduka, na kwamba jambo la namna hiyo halisubiri. Walimpasua. Waliokoa walichoweza. Leo Rajabu ana duka la vipuri vya pikipiki Tandika, na hukaa amegeuza kiti chake ili mteja wa upande wa kushoto asije akasimama bila kuonekana. Hunitania kwa hilo. Mimi sijaweza kucheka.

Ningeyaacha haya yalale kama yangekuwa ya zamani. Siyo ya zamani. Mwezi uliopita, Bunju ninakoishi sasa, nilisimama kutazama vijana wakifanya mazoezi katika klabu mpya. Kijana na binti walikuwa wakichapana vichwani kwa glavu ndogo za pambano, nyekundu, nzuri, na mwenzao akiwarekodi kwa simu. Nikamwuliza kocha wao kwa nini hawakuvaa kubwa. Akatabasamu. “Mzee, kubwa hazitoki vizuri kwenye video. Waache wachangamke.” Yaani uso wa binti wa watu umepimwa na video, na video ikashinda! Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, na siyajutii.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayetaka kuingia ulingoni. Sikukatazi ngumi. Ngumi zilinifundisha kupumua ninapoogopa, na hilo si dogo. Ila unapochagua glavu za sparingi, jua kwamba hujichagulii wewe. Chukua za aunsi kumi na sita, na kama mwili wako ni mkubwa, usione haya kuzidi hapo. Za pambano ziache hadi siku ya pambano, na za kupigia begi zibaki za begi, kwa maana begi huzisaga matumbo wakati ngozi ya juu ingali inapendeza. Usihukumu kwa kubonyeza kwa gumba kama tulivyobonyeza sisi. Ivae, ipige ukutani kwa nguvu ya wastani. Ukivisikia vifundo vyako vikigusa ukuta, basi uso wa mwenzako nao utavisikia. Tazama kama gumba limeshonewa ubavuni lisije likaingia jichoni, na kama ule mkanda wa kunata wa kifundo cha mkono hauna ncha inayokwaruza. Kisha mpe mwenzako azishike kabla hamjaanza. Yeye ndiye zitakayemfikia, na anayo haki ya kukataa bila kuitwa mwoga.

Glavu zikichoka, zitupe. Ukitaka kuzishona, shona ngozi. Matumbo usiyaguse kama hukuyaelewa. Na mtu akiona vimulimuli au kivuli baada ya kupigwa, mazoezi yamekwisha. Si baada ya raundi, si kesho. Hospitali, na ukweli wote uende naye, kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua, na anayeficha maradhi ya mwenzake ndiye mwenye kustahili kilio hicho. Kocha akikuambia useme umeteleza bafuni, mtazame usoni mbele ya watu, umwambie hapana. Atakufukuza. Fukuzika.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na akupe hofu ya kile mikono hiyo inachoweza. Akulinde macho yako, na macho ya kila atakayesimama mbele yako. Akujalie ulimi usiochelewa kama wangu ulivyochelewa.

Maana ulichelewa, ingawa haukukosa kabisa. Jumanne asubuhi nilimkuta Mama Rajabu mlangoni kwake akigeuza vitumbua, jua bado halijagusa mabati.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mbona mapema? Mwenzio bado kalala.”

“Nimekuja kwako. Rajabu hakuteleza bafuni. Nilimpiga mimi mazoezini, na glavu nilizijaza mimi, sponji ya makochi. Jicho lake lina kivuli tangu jana. Anatakiwa hospitali sasa hivi.”

Alinitazama. Nilitamani anipige, naye hakunipa nafuu hiyo. Aliliepua karai motoni na vitumbua vyake nusu vibichi, akafunga kanga ya pili kiunoni, akaita ndani: “Rajabu! Vaa shati!” Kisha akanigeukia.

“Na wewe unakuja. Utamwambia daktari kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno.”

Tukatoka watatu. Njia nzima nilitembea upande wa kushoto wa Rajabu nikiwa nimemshika mkono, kwa kuwa upande huo mtaro ulikuwa wazi, naye hakuwa akiuona.