Ng'ombe Wangu Alikufa Mara Tatu

Ng'ombe wangu alikufa mara tatu, na mara zote tatu hakuna mtu aliyekula nyama yake.

Wenye mifugo kwao wameshanielewa. Wengine tulieni nisimulie, na msinipe pole, sijaja hapa kutafuta pole.

Naitwa Sabina, kwetu ni Butiama, ndani ndani huko. Nilipofaulu darasa la saba baba alinipa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Akatamka mbele ya watu wa nyumbani kwamba huyu ni wa Sabina. Tukamwita Fomu Wani.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nikaja kuzika, nikarudi bweni, na likizo zilizofuata nilibaki shuleni kusoma. Fomu Wani nilimwacha zizini, mzima wa afya.

Nikamaliza kidato cha nne. Matokeo sitaki kuyazungumzia.

Mpango wangu haukuwa na makuu. Bunda mjini kuna fundi cherehani anaitwa Mwanaupe, mkali kweli ila hana unafiki. Alikubali nikae barazani kwake anifundishe, kwa sharti nije na cherehani yangu, tena kabla ya msimu wa pamba, maana wakulima wakishauza pamba ndipo wanashonesha nguo. Nikichelewa, nafasi anampa mwingine.

Cherehani ningeitoa wapi? Kwa Fomu Wani. Namuuza mnadani, nanunua mashine, maisha yanaanza.

Nilipofika nyumbani nilishusha begi nikaenda moja kwa moja zizini. Hayupo.

Mama akaniambia alikufa kwa ugonjwa wa ndigana. Akalia kabisa, na mimi nikalia naye.

Kesho yake kaka yangu Burito, bila kujua mama kasema nini, akaniambia alitumbukia korongoni akavunjika shingo. Jumapili baada ya misa, baba mdogo Nicolaus akanishika mkono akanipa pole ya ng'ombe wangu aliyeumwa na nyoka.

Nikajipa moyo kwamba labda wanachanganya ng'ombe. Nilikuwa bado na akili za darasani, mtu mzima akisema wewe unaandika.

Sasa kulikuwa na wifi yangu, Nyangi, mke wa Burito. Aliolewa nikiwa shule. Huyu mwanamke alinichukia tangu siku ya kwanza. Nikioga, namaliza maji yake. Nikila, anausindikiza mkono wangu kwa macho kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni. Nikijinyoosha mchana anaimba wimbo wa kutunga mwenyewe, wa wasomi wanaorudi nyumbani kujaza choo.

Siku moja tunapukuchua mahindi akaniuliza naondoka lini. Nikamjibu ningeshaondoka kama ng'ombe wangu asingekufa. Akacheka mpaka akaweka gunzi chini.

"We Sabina, ulisoma nini huko? Ng'ombe ikifaga hapa, hata ya ugonjwa, si watu wanakulaga? Kaulize majirani nani alikula ya kwako."

Maneno yaliniuma, lakini yaliingia. Kwetu ng'ombe akifa, habari ya nyama haisahauliki. Mtu anaweza kusahau mwaka aliobatizwa mwanawe, ila anakumbuka kwamba yeye alipewa utumbo na jirani akapewa paja.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Wakanisimulia ng'ombe waliokufa kabla sijazaliwa, na nani alipunjwa. Wa kwangu hakuna aliyemwonja.

Jioni nikambana Burito mbele ya mama. Nikamuuliza nyama ilikwenda wapi. Akaanza kwamba elimu imenifundisha dharau. Mama akawa anaangalia chini. Nilipokataa kuondoka pale mlangoni, Burito akachoka kuzuga.

"Ng'ombe ya mtoto wa kike ni ya boma. Wewe utaolewa, utaenda kwenu huko. Mimi nimeiolea. Sasa?"

Kumbe Fomu Wani yuko Nyamuswa, kwa wakwe zake Burito. Ndiye ng'ombe pekee aliyetolewa mahari kwa ajili ya Nyangi. Wengine wote walikuwa ahadi.

Niliwachukia wote, nasema ukweli. Asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Nyamuswa.

Baba yake Nyangi, mzee Clementi, nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia kwa adabu, nikajieleza, katikati ya maelezo machozi ya hasira yakanitoka. Fomu Wani alikuwa pale pale zizini na doa lake, amenenepa kuliko mimi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi niliambiwa umeitoa wewe mwenyewe, kwa kumpenda kaka yako. Mama yako ndiye alishika kamba mpaka hapa, akaniambia hivyo."

Mama. Yule aliyelia na mimi.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye mavi ya ng'ombe, sikujali sketi.

Mzee akasema hawezi kufuga ng'ombe wa mtu anayelia. Nimchukue. Ila nimfikishie Burito ujumbe: Nyangi arudi kwao leo, maana sasa hajaolewa hata kwa kwato moja.

Nikamswaga Fomu Wani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Nyangi. Nilitaka nimwone analia.

Tulifika jua linazama. Mama aliposhuhudia ng'ombe anaingia akajishika kichwa. Burito akaja na fimbo, nikampa ujumbe wa mkwe wake, fimbo ikabaki hewani.

Nyangi akatoka ndani na begi. Lilikuwa limeshafungwa. Akanikaribia.

"Nilikimbia mara mbili, baba akanirudisha, akasema ng'ombe yao iko zizini. Nikaona hapa anatakiwa mwenye ng'ombe aje aidai. Nikakuchokoza uchoke kukaa, uanze kuitafuta. Ila ulichelewa sana, Sabina. Nilifikiri umesoma."

Akaenda zake. Kwa nini alitaka kuondoka, muulizeni Burito na fimbo yake.

Nikabaki nimeshika kamba. Ile chuki yote niliyoila kumbe ilikuwa kazi ya Nyangi, na mimi ndiye nimeimaliza.

Leo nipo barazani kwa Mwanaupe. Fomu Wani nilimuuza mnadani, na cherehani ilifika kabla pamba haijaanza. Mama hasemi na mimi, anadai nimevunja nyumba ya mwanawe. Juzi Nyangi alileta gauni la kupunguza, akaomba bei ya wifi. Nikamtoza bei kamili. Akalipa.

Sasa nyie mliomaliza shule juzi. Mlipokuwa bweni, watu nyumbani walishagawana cha kwenu. Nendeni mkakione kwa macho yenu, na mkiambiwa kimekufa, ulizeni nani alikula. Mtu akilia na wewe haimaanishi yuko upande wako. Anayekutukana msikilize maneno yake kwanza, hasira baadaye, kwa sababu na yeye ana safari yake.

Mimi ukweli niliupata kwa mwanamke aliyenitumia, na uongo niliupata kwa aliyenizaa.

Semeni mnachotaka hapo chini. Ila msiniambie nimsamehe mama, sijafika huko.