Piano Sebuleni kwa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alirudi Kongowe kutoka masomoni Ulaya na rekodi ya mpiga piano mmoja: vipande vifupi vya kimahaba vya enzi za zamani, visivyo na mwimbaji. Jumapili mchana alituketisha sebuleni, akatuamuru tuzime simu, akafumba macho. Dada alileta karanga, akaambiwa zina kelele. Kipande cha kwanza kilipokwisha tukapiga makofi. Shemeji akatukemea: ukimya wa katikati nao ni muziki, tusiuharibu.

Basi tukajifunza kusikiliza ukimya. Kipande cha nne kilipokwisha tu, umeme ukakatika. Feni ikasimama, friji ikanyamaza. Shemeji, macho bado kayafumba, akaendelea kutikisa kichwa taratibu, kisha akainua kidole.

"Hapo mnamsikia fundi?"

Tukajibu tunamsikia. Dada akaanza kutafuna karanga zake.

Nikiri jambo moja. Kipande cha tatu kilinigusa. Mkono wa kushoto wa mpiga piano ulikuwa unachelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni, nikamkumbuka marehemu mama. Shemeji sijamwambia hadi leo. Angenieleza kwa nini.